Mchezo wa 14: sare ya ngome kwa ngome

Mradi wangu wa mwaka huu ni kuandika kila hatua ya kila mchezo wa sataranji ninaocheza, kisha kuupitia upya bila msaada wa kompyuta, hasa sehemu ya mwisho, maana huko ndiko ninakoshindwa mara nyingi. Mchezo wa 14, nilioucheza kwa vipande vyeusi, umeisha sare, na umenifurahisha kuliko ushindi wowote niliokwisha kuuandika humu.

Kwenye hatua ya 19 farasi wa mwenzangu alishambulia askari wangu wawili kwa pamoja, nikampoteza mmoja. Ilipofika hatua ya 47 tulikuwa tumebaki na mfalme na ngome kila mmoja, ila yeye alikuwa na askari kwenye e5 (herufi ni mstari wa wima wa ubao, namba ni safu ya mlalo), mfalme wake d5 na ngome yake h7, huku mfalme wangu akimziba askari huyo njia pale e8. Katika mchezo wa 9 nilifikwa na hali kama hii, nikairudisha ngome safu ya 8 imlinde mfalme, nikabanwa hadi nikashindwa.

Safari hii ngome yangu ilikaa safu ya 6, ikienda a6 na g6 tu, kwa sababu ikiwa hapo mfalme mweupe hawezi kupanda d6. Ni ulinzi uliofafanuliwa na Mfaransa François-André Danican Philidor katika karne ya 18, na ugumu wake wote uko katika kusubiri. Askari alipokanyaga e6, niliishusha ngome papo hapo hadi a1. Mfalme wake akaingia d6, akitishia kunimaliza kwa ngome kwenye h8, lakini nilimwahi kwa kumtishia kutoka d1, na alipokimbilia e5 nikamfuata kutoka e1, kwa kuwa askari aliyekuwa kinga yake alikwisha kusonga mbele. Hali ileile ilipokaribia kutokea mara ya tatu, niliandika hatua yangu kwenye karatasi kabla ya kugusa kipande, nikadai sare, naye akakubali.

Baadaye tulipanga vipande upya, akajaribu kumpitisha mfalme f6. Ngome ikamtishia kutoka f1, na bado hakupata njia. Wiki ijayo ninageukia upande wa pili: mfalme akiwa mbele ya askari wake aliyefika safu ya 7, na jinsi ngome inavyomjengea daraja la kutokea.