Jumuiya ndogo ndogo kwenye simu: yaliyofaa na yaliyokwama wakati wa korona

Ibada za pamoja ziliposimamishwa Kenya mnamo Machi 2020, parokia nyingi zilikimbilia kamera. Misa ikarushwa Facebook, YouTube, redioni na kwenye runinga, na kwa kazi hiyo vyombo hivyo vilitosha. Lakini jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo si kitu cha kutazamwa. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoifanya kipaumbele cha kichungaji miaka ya 1970, jumuiya ni majirani wanaokutana nyumbani kwa zamu, wanaosoma Injili pamoja na wanaojua nani amelazwa na nani amekosa karo. Anayefuata Misa kwenye runinga anaweza kupotea mwezi mzima bila kujulikana. Kwenye jumuiya, akikosa mara mbili mtu lazima ampigie simu. Programu yoyote ipimwe kwanza kwa hilo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya katibu na daftari lake. Mbele ya kila jina aandike mambo matatu: mtu ana simujanja, ana kabambe (simu ya kawaida ya vitufe) au hutegemea simu ya mtoto, yuko mtandao gani, anapatikana saa ngapi. Mkichagua Zoom kabla ya orodha hii, mnaweza kuwa mmeshawafungia nje akina nyanya ambao ndio hukosa mara chache zaidi.

Wenye kabambe

Simu ya kawaida ina uwezo ambao wengi hawajawahi kuugusa: kuunganisha watu kadhaa kwenye mazungumzo mamoja. Unampigia wa kwanza, akipokea unampigia wa pili, kisha unachagua "unganisha" kwenye menyu. Mtandao wa GSM unaruhusu watu watano mbali na anayepiga, ingawa baadhi ya simu hukwama kabla ya hapo. Mambo mawili huharibu. Anayepiga hulipia kila mtu aliyeunganishwa, kwa hiyo anunue bando la dakika linalotosha na mfuko wa jumuiya umrudishie. Pia mtandao wake ukikatika, wote wanakatika. Apige mwenye mawimbi mazuri, hata kama si mwenyekiti. Dakika kumi na tano zinatosha kwa somo, maneno machache ya kila mmoja na sala. Wazee wakiwa wengi, gawanyeni: kila mwenye simujanja achukue watatu, na ibaki hivyo hivyo wiki hadi wiki ili mzee ajue sauti ya kutarajia.

WhatsApp, bila fujo

Kundi la WhatsApp ndilo lililobeba jumuiya nyingi, kwa kuwa ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata megabaiti moja, na mtu anaweza kuusikiliza baadaye akipata bando. Udhaifu wake unajulikana: video za watu, dawa za kitunguu na tangawizi za kuponya korona, na salamu za asubuhi zenye maua. Ujumbe wa maana unazama. WhatsApp yenyewe ilibana mwaka 2020, ujumbe uliosambazwa sana ukawa unaweza kutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati, lakini hilo halimzuii mtu mwenye bidii. Kinachosaidia ni kuweka mpangilio ambapo wasimamizi peke yao wanaweza kuandika, kisha kufungua kundi kwa saa za sala tu. Wasimamizi wawe wawili au watatu. Akiwa mmoja na simu yake ikaibwa, hamna wa kufungua mlango.

Kila mwanajumuiya azime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Bila hivyo kundi linakula bando la mtu akiwa amelala.

Wengine walipendelea orodha ya matangazo badala ya kundi. Ina mtego: ujumbe humfikia tu mtu aliyehifadhi nambari ya mtumaji. Asiyeihifadhi hapati kitu, na mtumaji hajui.

Hatua Saba za kushirikishana Injili, zile za Lumko, taasisi ya kichungaji ya Afrika Kusini, zinaingia WhatsApp vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi mzitawanye kwenye siku. Asubuhi mapema mmoja anatuma sala ya kumkaribisha Bwana na somo likiwa limesomwa kwa sauti yake, maana wapo wasioona herufi ndogo. Hadi saa sita mchana kila mmoja anaandika neno au kifungu kimoja kilichomgusa, bila maelezo. Mchana ni ukimya, kundi limefungwa. Saa mbili usiku linafunguliwa kwa kushirikishana, ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja na nusu. Kisha hatua ya sita, ambayo huachwa mara nyingi mtandaoni: wiki hii tutamfanyia nani nini? Itajwe kazi moja na jina la mtu atakayeifanya. Bila hatua hiyo mmesoma Biblia tu. Sala za kufunga, kundi linafungwa tena.

Zoom na dakika arobaini

Akaunti ya bure ya Zoom hukatika baada ya dakika 40, na salamu peke yake zinaweza kula kumi. Mgao unaowezekana kwa Hatua Saba ni huu: kumkaribisha Bwana dakika 3, kusoma 4, kurudia maneno yaliyogusa 5, ukimya 3, kushirikishana 12, utendaji 6, sala za kufunga 5. Zinabaki mbili za kupotea, na zitapotea. Ukimya utangazwe: "Tunanyamaza dakika tatu, mtandao haujakatika." Usipotangazwa, dakika ya kwanza tu mtu atauliza kama anasikika, na wengine watatoka na kuingia upya.

Rozari ndiyo iliyowashinda wengi, na sababu ni ya kiufundi. Sauti ya kila mtu huchelewa kwa kiasi tofauti, kwa hiyo "Maria Mtakatifu" ya watu ishirini inageuka kelele. Waache wawili tu maikrofoni ikiwa wazi, mmoja anaanza, mwingine anaitikia, wengine wote wanaitikia nyumbani kwao wakiwa wamezima. Wabadilishwe kila tendo la rozari. Matendo matano, wawili wawili: watu kumi wamesikika jioni moja, na rozari nzima inaingia ndani ya dakika 40. Nyimbo vivyo hivyo, mwimbishaji mmoja. Kayamba liachwe, kwani programu hulichukua kuwa kelele ya kupunguzwa na sauti ya mwimbaji nayo inakatwakatwa.

Mlio mkali unaoumiza masikio kwa kawaida hutoka kwenye nyumba yenye simu mbili chumba kimoja. Watumie moja.

Video huchukua mamia ya megabaiti kwa saa, sauti peke yake makumi. Onyesheni nyuso wakati wa salamu, kisha wote wazime kamera. Kiungo kisiwekwe Facebook wala kwenye status. Wahuni waliokuwa wakivamia mikutano mwaka 2020 walivipata huko. Acheni chumba cha kusubiria kikiwa kimewashwa, na kila mtu abadilishe jina linaloonekana. Mwenyeji hawezi kujua "Galaxy A10" ni mama wa nani.

Fedha, wagonjwa na msiba

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakukuwa na ada nchini Kenya, kwa hiyo hata mchango wa hamsini ulifika wote. Mweka hazina asome hesabu kila wiki: zilizoingia, zilizotoka, salio. Majina yenye kiasi mbele yake yasibandikwe kwenye kundi. Aliyepoteza kibarua akiona jirani ametoa elfu, anaanza kunyamaza, na baadaye anatoka kundini kimya kimya.

Jina la mgonjwa lisitajwe kabla yeye au jamaa yake hajakubali. Wakati wa korona picha moja ya skrini ilitosha kumfanya mtu akimbiwe mtaani. Andikeni "tuombee mgonjwa wetu" na mwenyekiti abaki na jina.

Msiba ulipotokea miezi ya kwanza, mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu, na matanga yakabaki kwenye simu. Fungueni kundi la pili kwa ajili ya michango na mipango ya mazishi, ili la sala libaki la sala. Lifungwe hesabu ikishasomwa.

Kurudi nusu nusu

Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, yalipokea watu wasiozidi 100 kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Hapo jumuiya zilianza kukutana huku wengine wakiwa kwenye simu, jambo gumu kuliko yote. Simu ikiwekwa mezani katikati, aliye mbali anasikia viti na watoto. Simu hiyo ishikwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: anaipeleka karibu na kila msemaji, na wakati wa kushirikishana aliye kwenye simu anaongea wa kwanza, kabla waliomo chumbani hawajanogewa na kumsahau.