Tembo atasubiri mwakani

Jumamosi usiku, Agosti. Kucha zangu bado za bluu. Mafuta ya taa yameshindwa.

Hii ni wiki ya tatu tunakarabati uwanja wa watoto kwenye bustani ya zamani hapa mtaani. Wazee wanasema bustani ilikuwepo kabla TANU haijaamua, mwaka 1973, kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia kweli mwaka 2016, kila kipande kitupu mjini kinaulizwa bei. Nikiri tu, ndicho kilichonitoa nyumbani: bembea zikifa, uwanja wa watoto huanza kuitwa kiwanja.

Tulianza vibaya. Siku ya kwanza tulikwangua rangi ya zamani kwa msasa mkavu, vumbi likatimka, na watoto wamejipanga pembeni wanatutazama. Fundi wa kuchomelea akatupigia kelele tuache. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Tuliwaondoa watoto, tukalowesha vyuma, tukaanza upya kwa msasa wa maji, mabaki tukayafunga kwenye mifuko. Sikupata usingizi vizuri usiku ule. Halafu upepo wa mwezi huu nao! Rangi tuliyopaka mchana ilikauka na vumbi lake, ukiigusa unadhani ni msasa mpya. Sasa tunapaka alfajiri.

Fundi huyo ana rula mfukoni muda wote. Alipima nafasi kati ya vyuma vya ngazi akatikisa kichwa. Zaidi ya sentimita 9 na chini ya 23, mwili wa mtoto mdogo unaweza kupenya halafu kichwa kikakwama. Akaongeza vyuma vitatu. Mtelezo wa bati, ule uliokuwa ukituunguza mapaja saa nane mchana, tuliuhamishia chini ya mwarobaini.

Ugomvi ulikuwa kwenye hela. Zilizobaki zilitosha kumchora tembo ukutani, yule wa simulizi ya Wagogo aliyezama topeni mji ukapata jina, au kununua tipa mbili za mchanga wa korongoni. Wengi walimtaka tembo. Tembo anapigwa picha; mchanga nani ataupiga picha?

Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, Dodoma hii mchanga wa kununua?"

"Shikamoo mzee. Twende nikuonyeshe."

Nikampeleka chini ya bembea, nikapiga ardhi kwa koleo. Ikalia kama sakafu. Nikamwonyesha na kovu la kidevuni mwangu, nililolipata pale pale nikiwa darasa la pili. Hakusema kitu, ila kwenye kikao mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooka upande wa mchanga.

Leo tumeumwaga. Kuchekecha vipande vya chupa na miiba ya migunga kumetuchukua asubuhi nzima, mgongo wangu unajua. Tumeujaza kina cha sentimita 30. Binti mmoja hakusubiri ruhusa, akapanda, akabembea mara mbili, akaruka. Miguu ikazama hadi juu ya vifundo.

Mzee alikuwa amekaa kwenye toroli lililopinduliwa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Idodomya!" akasema. Imezama.