Siku nilipoacha kusema "memori"

"Ongeza memori, dada," fundi aliniambia kwenye simu, akakata. Nami nikaenda nikanunua memori.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Wateja wangu wengi ni madereva na mawakala wa forodha, watu ambao karatasi moja ikichelewa wanalala mpakani. Kompyuta niliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa nzito mno. Nikifungua barua pepe huku nikiskani, inaganda. Sasa kwetu memori ni kila kinachohifadhi: kadi ya simu ni memori, flashi ni memori, hata nafasi ya picha ni memori. Muuzaji aliponisikia akanipa diski ya gigabaiti 500. Nikalipa, ikafungwa, na kompyuta ikabaki nzito vilevile. Pesa ile iliniuma.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo. "Shangazi, hii unayoiita sipiyu si sipiyu," alisema akifungua sanduku. Mimi, kama kila mtu mtaani, niliita sanduku zima sipiyu. Kumbe sipiyu, yaani prosesa, ni kipande kidogo cha mraba kilichojificha chini ya feni, na ndicho kinachopiga hesabu zote. Kando yake kilisimama kibao chembamba: ramu, ndiyo memori aliyoitaka fundi. Humo prosesa huweka kazi inayoendelea, na umeme ukizimika vyote vilivyomo hupotea. Diski ndiyo inayotunza. Hapo nikaelewa kwa nini barua niliyokuwa katikati ya kuichapa hupotea umeme ukikatika, na ile niliyoihifadhi jana naikuta salama.

Kibao kiliandikwa gigabaiti 2. Akanikataza kununua kingine kabla sijasoma maandishi ya pembeni yanayotaja aina ya ramu: DDR3. Ramu ya DDR4 haikai kwenye nafasi ya DDR3, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine, na ukilazimisha unavunja. Nikanunua vibao viwili, kila kimoja gigabaiti 4, kuchukua nafasi ya kile cha zamani. Tukawasha. Kompyuta ikaonyesha kwamba zimefungwa gigabaiti 8, lakini zinazotumika ni 3 na kitu.

Nilidhani nimeuziwa kibao kibovu. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Windows 7 yangu ilikuwa ya biti 32. Kila baiti ya ramu lazima iwe na namba yake, kama mlango wa nyumba, na biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, zinatoa namba 4,294,967,296 basi. Hizo zinatosha gigabaiti 4, na baadhi yake huchukuliwa na vifaa vingine, kama kadi ya picha. Ramu ipo, ila mfumo hauna namba za kuifikia. Kwa bahati prosesa yenyewe ilikuwa ya biti 64, hivyo iliweza kubeba mfumo wenye namba nyingi zaidi. Na Microsoft ilikwisha acha kuihudumia Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kubaki. Tulinakili mafaili yote kwenye ile diski niliyoinunua kimakosa, tukaweka Windows 10 ya biti 64. Siku hiyo niliskani kurasa arobaini bila kuganda hata mara moja.

Neno lililobaki kunitesa ni mtandao. Ukisema hapa "mtandao hakuna," unaweza kumaanisha simu imeshika mnara wa Kenya, bando limekwisha, waifai haionekani, au tovuti ya ofisi fulani imelala. Fundi atajuaje? Sasa naanza kwa kutazama anwani ya IP ya kompyuta, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 192.168, kwa kawaida ruta yangu, kile kifaa kinachogawa mtandao kibandani, ndiyo iliyoitoa, basi hapa ndani pako sawa na shida iko nje: bando, au kampuni ya simu. Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo hata ukinunua bando la mwezi mzima unatupa pesa. Tazama kebo na ruta.

Juzi dereva mmoja alikuwa amesimama mlangoni akingoja karatasi zake, lori linanguruma. Nikampigia fundi.

"Mtandao hakuna?" akauliza.

"Kompyuta ya kwanza inaonyesha 169.254. Ya pili ina 192.168 na inafungua kurasa."

Akanyamaza kidogo. "Basi ruta ni nzima, dada. Shika kebo ya hiyo ya kwanza."

Kichwa cha kebo kilikuwa kimechomoka nusu nyuma ya sanduku. Nikakisukuma hadi kikalia, taa ya kijani ikawaka, na printa ikaanza kutoa karatasi za dereva.