Tarehe mbili za kujifungua: mimba yangu ilivyopitiliza

Kadi yangu ya kliniki ilisema nitajifungua tarehe 10 Januari. Ultrasaundi niliyopima mimba ikiwa ya miezi minane ikasema 26 Januari. Tarehe 10 ilipopita bila uchungu wala dalili yoyote, kila mtu alishika tarehe yake, na mimi mwenye tumbo usingizi ukaniruka.

Uhakika wangu ulitokana na Ramadhani. Hedhi yangu ya mwisho ilinijia tarehe 3 Aprili, katikati ya mfungo, nikala, nikaiandika siku ile ili nijue deni la kulipa, kama nifanyavyo kila mwaka. Kwa hiyo nesi alipouliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho nilimjibu papo hapo, wakati wenzangu wengi kwenye benchi walikisia tu, "mwezi wa nne, mwanzoni hivi." Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua siku hiyo, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Inamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 au karibu na hapo, na wangu ndivyo ulivyo. Tena ultrasaundi yangu ya kwanza, niliyopima Tabata mimba ikiwa na wiki 11, ilitoa 11 Januari. Karatasi ile niliibana ndani ya kadi na sikuitoa.

Kituo nilichokuwa nahudhuria mwishoni wao waliishika ya 26. "Bado wewe, mama. Kapumzike, urudi uchungu ukianza." Nilipowaonyesha karatasi ya kwanza wakasema kipimo kipya ndicho sahihi kwa kuwa ni cha karibuni.

Hapa ndipo wanawake wengi wanapopotezwa, na nataka nipaeleze vizuri. Mimba ikiwa changa, watoto wote hukua karibu sawasawa, kwa hiyo daktari akimpima mtoto kuanzia kichwani hadi makalioni anapata umri kwa tofauti isiyozidi wiki moja au chini ya hapo. Miezi ya mwisho mambo hubadilika. Huyu anakuwa mnene, yule mwembamba, na mashine inayokisia umri kwa ukubwa inaweza kukosea hata wiki tatu. Mtoto mdogo wa wiki 40 anaweza kusomeka kama wa wiki 37. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba mtoto aliyeanza kukosa chakula tumboni naye huonekana mdogo, kwa hiyo yule anayehitaji kutolewa haraka ndiye anayeambiwa asubiri.

Mimba huhesabiwa wiki 40, na ikifika 42 imepitiliza. Baada ya wiki ya 41 kondo la nyuma huanza kuchoka, halimlishi tena mtoto kama zamani. Maji ya uzazi hupungua. Mtoto anaweza kujisaidia humo humo tumboni, kisha akayavuta maji yale mapafuni. Ndiyo tunayosema mtoto kanywa maji machafu. Hatari ya mtoto kufia tumboni nayo hupanda kadiri siku zinavyosogea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke mwenye uhakika wa tarehe zake aanzishiwe uchungu wiki ya 41 ikishatimia. Ningeifuata ile 26, ningekuwa nimevuka wiki ya 42 huku kila mtu akiniambia bado sijafika.

Nyumbani ushauri ulikuwa mwingi. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, alinituliza: "Huyo wa kiume, mwanangu. Wa kiume hukaa miezi kumi." Kuna ukweli ndani yake, maana mimba za watoto wa kiume hupitiliza kidogo zaidi, na za kwanza pia. Majirani wakaleta habari za mafuta ya nyonyo, za mizizi ya kuchemsha, na mmoja akajitolea kuninunulia vidonge vya uchungu duka la dawa. Vyote nilivikataa kwa adabu. Mafuta ya nyonyo yangeniharisha hadi nikaishiwa nguvu. Mizizi haina kipimo, na kizazi kikibanwa kwa nguvu kupita kiasi kinaweza kupasuka. Vidonge vile hospitali hutumia kwa mikrogramu 25 tu kila mara, na mwanamke aliyewahi kupasuliwa hapewi kabisa. Kidonge kizima cha dukani ni mikrogramu 200.

Nilichofanya ni kumsikiliza mtoto. Kila jioni baada ya Magharibi nililala ubavu wa kushoto nikahesabu anavyocheza. Sista mmoja alikuwa ameniambia, saa mbili zikiisha hajafikisha mara kumi, au ukiona tu kapunguza kuliko kawaida yake, usingoje kuche.

Wiki ya 41 ilipotimia, mume wangu aliita bajaji alfajiri tukaenda hospitali ya rufaa ya mkoa, na begi lenye glovu, pamba, mpira wa kulalia, kibanio cha kitovu, beseni na khanga. Daktari alizitandika karatasi zote mbili mezani, akaweka kidole kwenye ile ya wiki 11. "Tunafuata hii." Akapima maji. Yalikuwa yamepungua. Nikalazwa.

Kuanzishiwa uchungu kulichukua muda kuliko nilivyodhani, na heri mtu ajue mapema asikate tamaa. Mkunga aliyeyusha kidonge kwenye maji, akawa ananipa kiasi kidogo kila baada ya saa mbili, na kabla ya kila dozi anasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto. Usiku njia ikaanza kufunguka, nikahamishiwa leba. Chupa ilipopasuka maji yalitoka ya kijani. Mkunga aliita mwenzake akae tayari na mashine ya kumsaidia mtoto kupumua. Haikuhitajika. Alilia mwenyewe, kwa sauti kubwa, Alhamdulillahi.

Watu wanadhani mtoto aliyechelewa lazima awe jitu. Wapo wanaozidi kilo 4 na kukwama mabega. Wangu alikuwa mwembamba, mrefu, kucha zimepita ncha za vidole, macho makavu yanaangaza huku na huku, na ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Hakuwa na ule utando mweupe wa watoto wachanga, na shangazi mmoja, aliyeamini utando ule hutokana na kulala na mume wakati wa mimba, akanisifu kwamba nilijitunza, nilikaa mbali na mume wangu. Nilimweleza taratibu: utando ule ni wa mtoto mwenyewe, humkinga ngozi ndani ya maji, na kwa mtoto aliyepitiliza huwa umekwisha. Haumsemi mama kwa lolote. Wanawake wanaaibishwa wodini kwa ajili yake, na inaniuma.

Mtoto wa namna hii hutumia akiba yake ya mafuta akiwa bado tumboni, kwa hiyo sukari yake inaweza kushuka na baridi humpata upesi. Walimweka kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akanyonya ndani ya saa ya kwanza, wakamtoboa kisigino kupima sukari. Ilikuwa sawa. Nikaambiwa nimnyonyeshe mara kwa mara hata akilala, na akitetemeka, akilegea, akikataa titi au akipumua kwa haraka nimrudishe hapo hapo.

Ngozi mama mkwe alitaka kuisugua itoke. Nikamwomba, "Mama, tuiache." Tulimpaka mafuta ya nazi kidogo, ikatoka yenyewe, na tulipompeleka kliniki alikuwa ameshaupita uzito aliozaliwa nao.