Jumapili juu ya tuta: kutoka Culemborg hadi Utrecht kwa baiskeli

Njia ninayoipenda kuliko zote kuzunguka Utrecht naianza kwa treni. Wengi hutoka nyumbani wakipiga pedeli hadi mji wa Wijk bij Duurstede, hushika tuta la mto Lek kuelekea magharibi, kisha humalizia kwenye kituo cha treni cha Culemborg. Mimi huigeuza. Sababu ni upepo. Uholanzi upepo wa kawaida hutoka kusini-magharibi, na juu ya tuta hakuna mti wala nyumba ya kuukinga. Ukiacha tuta liwe mwisho wa safari, utapigwa na upepo usoni wakati miguu imeshachoka. Ukianzia Culemborg, upepo huohuo unakusukuma mgongoni kwenye sehemu iliyo wazi, halafu ukiingia bonde la kijito cha Kromme Rijn miti na mabustani hukukinga ubavuni hadi mjini. Siku upepo ukivuma kutoka mashariki, geuza ratiba. Utabiri huutazama usiku wa kuamkia safari, si asubuhi, maana asubuhi mtu hutafuta kisingizio cha kubaki kitandani.

Urefu wake ni karibu kilomita 40. Kwa mwendo wa kilomita 14 au 15 kwa saa, kupiga pedeli kwenyewe ni saa tatu hivi, ila mimi huitengea safari hii mchana mzima. Kwa anayeishi ughaibuni siku ya mapumziko huliwa na kufua nguo, simu za nyumbani na foleni ya dukani. Safari hii inataka uamue tangu Jumamosi kwamba hayo yote yatasubiri.

Baiskeli naikagua usiku. Utulivu ninaoufuata huku hauanzi kwenye mandhari, unaanza kwenye chombo: baiskeli inayolia njia nzima haikuachii nafasi ya kuwaza jambo jingine. Kwa hiyo naisikiliza kwanza. Mlio unaotoka mara moja kila pedeli inapozunguka mzunguko mzima uko kwenye pedeli au mkono wake. Kwenye baiskeli za zamani mara nyingi ni kota pini, ile inayoushikilia mkono wa pedeli, iliyolegea, na ukiendelea kuiendesha hivyo pini inakatika na tundu linapanuka. Mlio unaofuata mzunguko wa gurudumu, wenye kasi zaidi, ni spoku iliyolegea, kipande cha kioo kilichojichomeka kwenye tairi, au madigadi inayogusa. Mkwaruzo usiokatika ni mnyororo unaolamba kifuniko chake, nao huwa umelegea. Mnyororo ukiushika katikati unatakiwa upande na kushuka sentimita moja hadi moja na nusu. Ukizidi hapo, legeza nati mbili za gurudumu la nyuma kwa spana namba 15, vuta gurudumu nyuma kidogo, hakikisha limekaa katikati ya fremu, kaza upande mmoja kisha mwingine. Ukiukaza mno, pedeli zinakuwa nzito na beringi zinaumia.

Hilo la mnyororo lina uzito wake huku, kwa sababu baiskeli nyingi za Kiholanzi hufunga breki kwa kurudisha pedeli nyuma. Mnyororo ukitoka, breki ya nyuma nayo imekwenda. Ndiyo maana sipandi tutani baiskeli isiyo na breki ya mbele inayoshika sawasawa. Aina hiyo ya baiskeli ina tabia nyingine inayowatatiza wageni: huwezi kuzungusha pedeli nyuma kuiweka tayari kwa kuondoka. Zoea kusimama pedeli ya mguu unaouamini ikiwa juu na mbele kidogo. Kama umeshasimama vibaya, inua gurudumu la nyuma na uzungushe mbele.

Aliyekulia na baiskeli ya Phoenix atajikuta nyumbani. Baiskeli nyeusi za zamani za Uholanzi huvaa tairi lilelile la 28 x 1½, ambalo ubavuni limeandikwa pia 40-635. Mpya nyingi huvaa 37-622. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13 za kipenyo cha rimu, na tairi la moja halikai kwenye nyingine, kwa hiyo soma namba hizo kabla ya kununua. Valvu pia ni ileile tuliyoizoea, ambayo kipimo cha pampu hakiisomi kwa usahihi. Mimi hujaza shinikizo la kiasi cha bar 4 kwa makadirio: nikibonyeza tairi kwa kidole gumba kwa nguvu, linabonyea kidogo sana. Tairi laini ndilo chanzo cha uchovu ambao watu huulaumu umri.

Kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Begani sibebi kitu. Kwenye keria kuna begi lenye spana namba 15, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, gundi, msasa, pampu ndogo, koti la mvua, chupa ya chai ya tangawizi na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa.

Treni: mwishoni mwa wiki baiskeli inaruhusiwa siku nzima, lakini siku za kazi haiingii saa za msongamano wa asubuhi na jioni. Baiskeli ina tiketi yake mbali na yako. Tafuta mlango wenye alama ya baiskeli, waache wanaoshuka washuke, na usiiache baiskeli ikisimama kwa kigingi chake tu, maana treni ikikata kona itaanguka. Kutoka Utrecht ni kama robo saa. Kabla tu ya Culemborg treni huvuka Lek kwenye daraja ambalo lilipofunguliwa mwaka 1868 lilikuwa na nafasi ya mita 154 kati ya nguzo mbili, ndefu kuliko zote Ulaya wakati huo. Vyuma vya juu vimeshabadilishwa. Ukisimama upande wa mashariki wa treni unaliona tuta utakalolipita.

Culemborg nilipita bila kukaa. Ni mji mdogo wenye lango la kale na uwanja mpana, na ndiko alikozaliwa mwaka 1619 Jan van Riebeeck, yule aliyetumwa na kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya mashariki kuanzisha kituo cha Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1652. Mwafrika anayepita hapo akijua hilo huutazama mji kwa jicho lake mwenyewe.

Kutafuta njia ni rahisi kuliko ramani ya simu inavyokufanya uamini. Nchi nzima imegawanywa kwa makutano yenye namba. Mtindo huo ulianzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, kazi ya mhandisi wa migodi Hugo Bollen, ukavuka mpaka. Kwenye kila makutano kuna kibao chenye namba na mishale ya kijani inayoonyesha namba zinazofuata. Namba hazipiti 99, kwa hiyo hujirudia mkoa hadi mkoa. Nyumbani naandika mfululizo wangu kwenye karatasi kwa kalamu nene, naubandika kwa gundi ya karatasi juu ya usukani, simu inaingia begini. Kuishika simu mkononi ukiwa unaendesha ni kosa tangu Julai 2019, na faini yake inauma. Hitilafu ya kawaida ni kibao kilichogeuzwa au kufunikwa na majani: ukienda zaidi ya kilomita mbili bila kuona mshale wowote, rudi ulikotoka. Kwenye tuta za Lek tegemea pia vibao vya njano vya kuchepusha, kwa sababu kazi ya kuyaimarisha matuta ya mto huu inaendelea kipande kwa kipande.

Juu ya tuta, mto uko kushoto na mashamba kulia, nayo mashamba yako chini kuliko maji ya mto unapojaa. Hilo unaliona kwa macho: paa za nyumba za wakulima ziko usawa wa magurudumu yako. Kati ya mto na tuta kuna malisho yanayoachwa wazi makusudi ili maji ya kipupwe yapate pa kukaa. Kiangazi ng'ombe hulala humo.

Hapa ndipo nilipoanza kuuachia mwili. Upepo wa nyuma una jambo moja la ajabu: ukienda sawa na kasi yake husikii chochote, hata shati halipepei. Unabaki na sauti ya tairi juu ya lami na ndege. Barabara ya tuta lakini ni ya wote, magari madogo na pikipiki zinazopenda kona zake, na Jumapili yenye jua pikipiki huwa nyingi kuanzia saa tano hivi. Aliye hapo saa mbili au saa tatu asubuhi anaipata barabara peke yake. Wanaokuja mbele husalimia kwa kuinua vidole kutoka kwenye usukani. Jibu vivyo hivyo. Wenye baiskeli za mashindano hupiga kengele au kuita wakiwa nyuma: shika kulia, usiyumbe, usigeuke kutazama.

Kuna mabenchi kila baada ya mwendo kidogo. Nilikaa kwenye moja kabla ya kijiji cha Beusichem, nikamimina chai. Meli za mizigo kwenye Lek hupita taratibu, na nyingi zina makazi nyuma, gari dogo juu ya sitaha na nguo zimeanikwa. Kaa mpaka meli tatu zipite. Ya kwanza bado unawaza kazini, ya pili unawaza nyumbani, ya tatu unaitazama meli.

Pantoni ya Beusichem huvusha magari na baiskeli. Shuka, sukuma, simama upande utakaoelekezwa, na mhudumu atakujia kuchukua nauli; sarafu chache mfukoni hazina hasara. Angalia saa zake mapema, maana Jumapili pantoni nyingi huchelewa kuanza. Ng'ambo ya pili, geuka kulia juu ya tuta hadi milango ya maji ya Prinses Irenesluizen, ambapo mfereji wa Amsterdam hadi Rhine unakutana na Lek. Ukibahatika kukuta meli ndani, ngoja uone inavyoshushwa.

Wijk bij Duurstede ina kinu cha upepo kilichojengwa juu ya lango la mji, na barabara inapita chini yake. Karne ya 7 hadi ya 9 hapa palikuwa Dorestad, moja ya bandari kubwa za kaskazini mwa Ulaya, hadi mashambulizi ya Wavikingi na kubadilika kwa mkondo wa maji vikaimaliza. Mto Rhine wenyewe ulikuwa ukipita hapa kwenda Utrecht. Mwaka 1122 waliuziba mdomo wake kwa tuta, na kilichobaki ni Kromme Rijn, kijito kinachojikunja kunja ambacho mtu hodari angekivuka kwa kuogelea mara chache tu za mikono. Kwa mwendesha baiskeli kuziba kule kulikuwa neema: mto mkubwa unataka tuta kubwa na barabara ya magari, kijito kinatosheka na njia nyembamba.

Kuanzia kijiji cha Cothen ni bustani za matunda. Aprili miti ni myeupe kwa maua, Juni na Julai cheri huuzwa kando ya njia. Uzuri huo una miiba. Ua wa bustani unapopunguzwa kipupwe, miiba hubaki njiani na kuingia kwenye tairi, na pancha za sehemu hii nyingi ni zake.

Kwenye baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo usihangaike kutoa gurudumu. Fungua valvu, toa upande mmoja wa tairi kwa vile vyuma viwili, vuta tyubu nje ikiwa palepale. Ijaze, ipitishe karibu na shavu. Usiposikia upepo, maji ya mtaro hayako mbali. Kausha, piga msasa, paka gundi eneo kubwa kuliko kiraka, kisha subiri dakika tano mpaka gundi isinate kidoleni. Viraka vingi hubanduka kwa sababu vimebandikwa gundi ikiwa mbichi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote kuutafuta mwiba, la sivyo utaziba tena kabla ya kijiji kinachofuata, Werkhoven. Ukishafunga, bonyeza tairi pande zote kuhakikisha tyubu haikubanwa, ndipo ujaze.

Werkhoven, Odijk, Bunnik vinapita upesi. Kwenye vijiji hivi tazama chini: pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani zikikuelekezea ncha, wewe ndiye unayempisha mwenzako. Pasipo alama yoyote, anayetoka kulia ndiye wa kwanza, naye anaweza kuwa mtoto wa miaka saba anayejua haki yake.

Rhijnauwen nilikaa tena, chini ya miti kando ya maji. Ngome yake, iliyojengwa kati ya 1868 na 1871, ni sehemu ya mstari wa ulinzi ambao ungemzuia adui kwa kuyafurikisha mashamba, na tangu 2021 mstari huo uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mchana familia za Utrecht hujaa hapa kula chapati zao za maji. Anayetaka kimya asogee mita mia tatu kuelekea kijito kinakotoka, ambako hupita mitumbwi tu. Msitu wa Amelisweerd unaofuata ni mzuri kwa macho, ila masikio yatasikia barabara kuu ya A27 iliyo pembeni yake.

Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni kama kilomita 5. Ukiegesha mjini, funga kufuli la gurudumu la nyuma na mnyororo kwenye kitu kisichong'oleka. Kufuli moja huku haitoshi. Chini ya stesheni kuu kuna maegesho ya baiskeli 12,500, na saa 24 za kwanza ni bure. Piga picha ya namba ya safu yako kabla hujapanda ngazi. Mimi nilipitiliza nyumbani, nikafuta mnyororo kwa kitambaa kikavu, nikatia tone moja la mafuta kwa kila pini, nikazungusha pedeli na kufuta yaliyozidi, maana mafuta yanayobaki nje hukusanya vumbi la tuta, nalo husaga chuma.