Bakteria wa nitrojeni katika bahari isiyo na oksijeni

Katika vitabu vya baiolojia tunavyotumia shuleni hapa Uganda, mzunguko wa nitrojeni huchorwa kwa mishale michache, na ule unaotoka kwenye nitrati kurudi hewani huandikiwa maneno matatu tu: bakteria waondoa nitrojeni. Mimi hufundisha somo hilo hapa Entebbe, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma juu ya maji ambamo mshale huo hufanya kazi kubwa kuliko karibu kila mahali duniani, yaani tabaka za bahari zilizoishiwa oksijeni. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyosadiki kwamba mshale ule mmoja unatuficha jambo lenyewe, kwa kuwa nyuma yake wamo viumbe wengi wasiofanana, na matokeo ya kazi yao hutegemea ni nani aliyepo na ni hatua ipi anayoiweza.

Tabaka kubwa za namna hiyo ni tatu. Mbili ziko mashariki mwa Pasifiki ya kitropiki, moja upande wa Meksiko na nyingine upande wa Peru na Chile, na ya tatu iko katika Bahari ya Arabu, kaskazini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Huko, upepo wa kusi uliokuwa ukiyapeleka majahazi Uarabuni na Bara Hindi huyainua maji ya kina kwenye pwani za Somalia na Oman. Maji hayo hupanda na virutubisho, mimea midogo ya baharini hustawi, kisha hufa na kuzama, na vijidudu vinavyoiozesha huimaliza oksijeni kuanzia kina cha takriban mita 150 hadi kama mita 1,000. Maji yaliyokosa oksijeni kabisa hayafikii asilimia 1 ya ujazo wa bahari zote, lakini hukadiriwa kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya nitrojeni inayoitoka bahari hutokea humo.

Kwa miaka mingi upotevu huo ulielezwa kwa njia moja. Bakteria aliyekosa oksijeni hupumua nitrati, akaigeuza kuwa nitriti, nitriti ikawa nitriki oksaidi, kisha nitrasi oksaidi, na mwisho gesi ya nitrojeni. Mwaka 1977 mkemia wa Austria, Engelbert Broda, alionyesha kwa hesabu za nishati kwamba lazima kuwe na viumbe wanaoweza kuunganisha amonia na nitriti bila oksijeni na kutoa gesi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 mchakato huo, unaoitwa anamoksi, uligunduliwa katika mtambo wa majitaka mjini Delft, Uholanzi. Mwaka 2003 ulithibitishwa katika Bahari Nyeusi na katika ghuba ya Golfo Dulce nchini Costa Rica, na mwaka 2005 katika maji ya pwani ya Namibia. Bakteria hawa hukua polepole mno, na ndani ya seli zao mna chumba maalumu ambamo hutengenezwa hidrazini, kemikali ambayo binadamu huitumia kurushia roketi.

Hapa ndipo ninapoona ajabu kubwa zaidi. Bakteria wa anamoksi wanaopatikana baharini ni karibu wote wa jenasi moja, Scalindua, iwe ni Namibia, Peru au Bahari ya Arabu. Wale wa njia ya kwanza, kinyume chake, wametawanyika katika koo nyingi zisizohusiana kwa karibu, na hata foraminifera, viumbe wa seli moja wenye gamba ambao si bakteria kabisa, waligunduliwa mwaka 2006 kuwa baadhi yao huifanya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo jina la ukoo halimwambii mtafiti mengi, naye hulazimika kuzitafuta jeni zenyewe. Hatua ya kuigeuza nitriti, kwa mfano, hufanywa na vimeng'enya viwili visivyofanana hata kidogo kwa umbo, kimoja chenye chuma na kingine chenye shaba, na jeni zake ni nirS na nirK. Katika maji haya nirS huonekana kwa aina nyingi mno, na aina zinazotawala hubadilika kutoka kina kimoja hadi kingine.

Tena ni wachache walio na jeni za hatua zote. Wengi hufanya hatua moja au mbili na kumwachia mwingine, kama vibarua wanaopokezana matofali kwenye jengo. SAR11, kundi lenye bakteria wengi kuliko yote baharini, lilionyeshwa mwaka 2016 kuwa na nasaba zinazoishi katika maji haya na kubeba jeni za kugeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti hiyo yaweza kuchukuliwa na Scalindua, au na wanaoipeleka mbele hadi gesi, au na bakteria mwingine, Nitrospina, ambaye huirudisha kuwa nitrati panapokuwa na chembe ndogo tu ya oksijeni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaouliza tu ni njia ipi iliyo kubwa. Vipimo vya pwani ya Peru na Chile viliipa anamoksi uzito, na utafiti wa Bess Ward na wenzake wa mwaka 2009 ukaonyesha kwamba katika Bahari ya Arabu ile njia ya kwanza ndiyo iliyotawala. Ghuba ya Bengali inafundisha zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta humo viumbe wenye jeni zinazohitajika, lakini upotevu wa nitrojeni ulikuwa mdogo mno kwa sababu mabaki hafifu sana ya oksijeni yalikuwa bado yamo. Kuwa na jeni, basi, si sawa na kuzitumia.

Mnyororo ukikatika kabla ya hatua ya mwisho, kinachotoka ni nitrasi oksaidi, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto takriban mara 273 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksaidi. Bahari nayo imepoteza karibu asilimia 2 ya oksijeni yake tangu 1960.

Sisi hatuna bahari, lakini tuna maji ya namna hiyo. Anamoksi ilipimwa katika Ziwa Tanganyika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kilindi cha Ziwa Viktoria nacho hukosa oksijeni kwa miezi mingi ya mwaka, hadi pepo za kusini-mashariki zinapolichanganya kati ya Juni na Agosti, na ghuba yake ya Murchison hupokea maji machafu ya Kampala kupitia mfereji wa Nakivubo. Ningependa maji hayo yapimwe mwezi baada ya mwezi, jeni na kasi ya utoaji gesi kwa pamoja katika sampuli zile zile, kabla ya pepo hizo kufika na baada ya kupita.