Bill Pickett, kauboi aliyemng'ata ng'ombe mdomo

Mimi ni bwana mifugo, na kwa sababu hiyo hakuna anayependa kuangalia filamu za makauboi nami. Wenzangu wanafuatilia nani kampiga risasi nani, mimi nahesabu mbavu za ng'ombe waliokonda na kulalamika kwamba farasi kafungwa tandiko ovyo. Basi rafiki mmoja akanitumia kipande cha filamu bubu ya miaka ya 1920, na swali moja tu: hiki anachofanya huyu mzee kinawezekana kweli, au ni ujanja wa kamera?

Kwenye kile kipande kuna Bill Pickett, kauboi Mweusi wa Marekani, kofia pana, juu ya farasi anayekimbia ubavuni mwa maksai. Anajitupa kutoka kwenye tandiko, anakamata pembe, visigino vinalima vumbi, na mnyama anakwenda chini.

Inawezekana. Nguvu za ng'ombe ziko shingoni na begani, lakini puani na mdomoni ni mnyonge. Aliyewahi kufanya kazi zizini anajua: ukitaka kumchoma sindano dume mkorofi, msaidizi wako anamtia vidole puani, anabana ule ukuta wa katikati, anakigeuza kichwa pembeni, na dume lililokuwa linavunja uzio linatulia. Mdomo wa juu nao una hisia kali vilevile. Pickett aligundua hili kwa kuwaangalia mbwa. Kule Texas kulikuwa na vichaka ambamo huwezi hata kuzungusha kamba, kwa hiyo wafugaji walitumia mbwa aina ya bulldog kukamata ng'ombe walioasi. Mbwa anauma mdomo wa juu, anang'ang'ania, ng'ombe anaacha ubishi. Kijana akawaza: kama mbwa anaweza, mimi nimepungukiwa nini?

Akajaribu, ikakubali. Ukubwani mtindo wake ukawa huu: anaruka kutoka kwenye farasi, anashika pembe, anaipinda shingo mpaka pua inatazama juu, anaung'ata mdomo wa juu kwa meno, kisha anaachia mikono yote miwili na kujiangusha pembeni. Uzito wake unamvuta mnyama hadi anaanguka. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kuja kuona zile sekunde ambazo mikono iko hewani na kazi yote inafanywa na meno. (Vijana wanaonisoma, tafadhali msijaribu. Kuna ugonjwa wa miguu na midomo, kuna ugonjwa wa kutupa mimba, na sitaki kuulizwa.)

Alizaliwa tarehe 5 Desemba 1870, wa pili katika watoto 13. Baba yake alikuwa ametoka utumwani. Damu ya familia ilikuwa ya Weusi na ya Wacherokee, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika. Shule aliiacha darasa la tano akaenda kuajiriwa kwenye ranchi. Hilo halikuwa jambo la ajabu kwa mtu wa rangi yake: wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika enzi ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas, karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Kwenye filamu tulizokulia, yule mmoja hayupo kabisa. Steringi ni mzungu, adui ni mzungu, hata anayefagia baa ni mzungu.

Mwaka 1905 Pickett akaingia kwenye ranchi ya 101, mali ya ndugu wa Miller, karibu na Ponca City, Oklahoma. Ilikuwa ranchi ya kweli yenye ng'ombe wa kweli, na pia ilikuwa na onyesho lililozunguka mijini likiwaonyesha watu wa mjini maisha ya nyika. Will Rogers, aliyekuja kuwa mchekeshaji na mwigizaji maarufu, alipita pale. Tom Mix naye alipita pale, kisha akaenda kuwa nyota mkubwa kuliko wote wa filamu bubu za makauboi. Pickett alikuwa na kikwazo ambacho Mix hakuwa nacho. Mashindano mengi ya rodeo, yale ya ustadi wa makauboi, hayakuruhusu Mtu Mweusi kushindana na wazungu, kwa hiyo kuna mahali alitambulishwa kama Mhindi Mwekundu, na mara nyingine alivalishwa kama mpigana na mafahali wa Mexico. Aliyebuni mchezo mwenyewe, anaingia uwanjani kwa kujificha.

Desemba 1908 onyesho lilifika Mexico City, na hapo bosi wake, Joe Miller, akaweka dau la peso 5,000 kwamba Pickett anaweza kumng'ang'ania fahali wa mapigano kwa dakika tano. Ieleweke: fahali wa mapigano si maksai. Amezalishwa kwa ukali, kizazi baada ya kizazi, na hajahasiwa. Pickett aliingia na farasi wake, Spradley, na fahali akampiga farasi pembe. Pickett akadandia kati ya pembe na kubaki pale akirushwa huku na huko. Watazamaji, walioona mchezo wao unadharauliwa, walimtupia chupa na chochote kilichokuwa mkononi. Kumwangusha hakuweza, shingo ile haipindwi na mtu mmoja, lakini muda ulipita akiwa bado ameshikilia, akatoka hai. Dau alilishinda Miller. Mbavu zilizoumia hazikuwa za Miller.

Sasa filamu. Richard Norman alikuwa mzungu mwenye studio Jacksonville, Florida, aliyetengeneza filamu zenye waigizaji Weusi pekee kwa ajili ya kumbi za Weusi, kwa sababu kumbi nyingine ziliwabagua au kuwakalisha juu kabisa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Boley, Oklahoma, mji uliojengwa na kuongozwa na Weusi wenyewe, akampiga Pickett picha kwa filamu mbili: The Bull-Dogger na The Crimson Skull. Tangazo lilimnadi kama shujaa wa uwanja wa mafahali wa Mexico, kwa hiyo zile chupa hatimaye zilimfaa kitu. Katika The Crimson Skull alikuwepo pia Anita Bush, mwigizaji wa jukwaani kutoka New York, na kuna majambazi na vazi la mifupa la kutishia watu.

Wakati huo Pickett alikuwa na miaka hamsini. Fikiria tu magoti. Tom Mix alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake na filamu nyingi mno. Pickett alipata mbili, na The Crimson Skull haipo tena, imepotea. The Bull-Dogger imebaki vipande. Hata hivyo, kwa jicho la mtu wa mifugo, vile vipande vina thamani kuliko filamu nzima za wale wengine, maana haigizi chochote. Anafanya kazi aliyoifanya tangu ujana, na kamera imesimama tu.

Ranchi ya 101 ilifilisika kipindi cha mdororo mkubwa wa uchumi. Pickett alikuwa akishughulika na farasi pale alipopigwa teke la kichwa, na baada ya siku kadhaa, tarehe 2 Aprili 1932, akafariki. Will Rogers alitangaza msiba redioni.

Heshima ilikuja kwa kuchelewa na kwa vituko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingizwa kwenye jumba la mashujaa wa rodeo, Mweusi wa kwanza. Kisha posta ya Marekani ikatoa stempu za magwiji wa Magharibi, yeye akiwemo, na mwaka 1994 ikabainika kwamba sura iliyochapishwa ni ya ndugu yake, Ben. Stempu zikarudishwa, zikachorwa upya, na karatasi 150,000 za zile zenye kosa zikauzwa kwa bahati nasibu. Watu waligombea kununua sura ya mtu asiye yeye.

Mchezo wake bado upo kwenye kila rodeo kubwa, bila kuuma mdomo, na mabingwa wanamaliza ndani ya sekunde chache. Ukivipata vile vipande vya The Bull-Dogger, usihangaike na uso wake. Angalia visigino: anavichimbia mbele ya uzito wa mnyama, kamwe si ubavuni. Vijana ninaofanya nao kazi ya chanjo nimewaonyesha sehemu hiyo, nikawakataza ile ya meno.